Mwaka Nilipoonyeshwa Shamba Silo

Wairimu alipofariki niliarifiwa na mtu ambaye hakujua kama tuliwahi kuwa marafiki. Alikuwa akikusanya namba za watu wa zamani wa ofisini ili awatie katika kikundi cha matanga, akaniuliza kwenye simu, "Wewe ulifanya naye kazi, sivyo?" Nikamjibu ndiyo, kwa sauti ile mtu hutumia akiulizwa kama anamfahamu mwenye duka la mtaani. Kesho yake jioni nilikwenda kwao, mtaa wa Jamhuri, kwa maombi. Sebuleni walikuwa wameondoa makochi na kupanga viti vya plastiki vya kukodi, lakini meza ya kulia waliiacha kwa sababu ni nzito na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuisukuma. Niliketi kwenye kona yangu ya zamani bila kuonyeshwa. Mchungaji akasema marehemu alikuwa mtu wa watu, sifa ambayo siku hizi hupewa kila marehemu, hata yule aliyewafungia mlango wageni maisha yake yote. Wairimu hakuwa mtu wa watu. Alikuwa mtu wa watu wachache sana, na kwa mwaka mmoja mimi nilikuwa mmoja wao.

Mwaka huo tulikuwa wasaidizi katika ofisi ya wathamini katikati ya jiji, ghorofa ya juu ya jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi ilipojisikia. Mtu akitaka mkopo na aweke shamba lake rehani, benki ilitutuma tukalitazame, tulipime, tulipige picha, kisha tuandike ripoti ya thamani yake. Sisi wasaidizi tulikwenda na kuandika. Sahihi ilikuwa ya mwenye ofisi, Bwana Githinji, kwa sababu yeye alikuwa amesajiliwa na sisi bado. Ili usajiliwe ulilazimika kupita mtihani wa mwisho. Ukianguka mara tatu, na kutotokea kulihesabiwa kuanguka, ulirudishwa mwanzo kabisa, kana kwamba hujawahi kufungua kitabu. Mimi nilikuwa naufanya kwa mara ya kwanza. Wairimu alikuwa ameanguka mara mbili.

Watu wanaposikia nimesajiliwa hudhani nilikuwa hodari kazini. Nilikuwa hodari wa kusoma, na hayo ni mambo mawili tofauti. Ripoti zangu zilirudi kutoka kwa Githinji zimejaa wino mwekundu. Ijumaa, baada ya chai ya saa nne, alikuwa na desturi ya kutukusanya na kusoma makosa ya wiki kwa sauti, mkate ungali mdomoni. "Ndunge," alisema siku moja akiwa ameinua ripoti yangu juu, "hii nyumba yako iko na choo tatu, ama iko na choo moja na uliingia mara tatu?" Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka, maana usipocheka utalia, na mshahara haukulipwa kwa kulia. Chumba chake kilitengwa na chetu kwa ubao mwembamba tu, na wiki hiyohiyo, nikiwa nimesimama kando ya ubao huo na kikombe mkononi, nilimsikia akimwambia karani wake: "Huyu msichana kichwa anayo. Lakini kichwa haipimi shamba. Akiharibu ingine moja, wacha aende akasome vizuri kwao." Nilirudi mezani pangu nikaketi. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilikwenda kazini nikiwa na hofu ya mtu anayebeba sahani za watu.

Kwa nini kazi ilinishinda? Kwa sababu akili yangu ilikuwa imekodishwa kwingine. Nilikuwa nikipima ukuta huku nikikariri sheria ya upangaji. Nilikuwa nikiongea na mwenye nyumba huku nikiwaza swali la mwaka uliopita. Nilipanga chumba Kangemi, nyuma ya soko, na humo nilisoma nikiwa nimeketi kitandani, beseni limefunikwa mbele yangu likiwa ndiyo meza. Vitunguu vya jirani vilikaangika kwenye sufuria yake na harufu ikaja kulala katika vitabu vyangu. Hata leo nikifungua kile cha kodi za ardhi nasikia njaa. Ukuta ulikuwa wa mabati, kwa hiyo nao majirani walinisoma mimi. "Huyu anasoma nini na alimaliza shule?" nilimsikia mmoja akiuliza. "Anasomea bei ya mashamba," akajibu mwenzake. "Si hiyo unauliza tu broka?" Wakacheka bila ubaya wowote. Nilikasirika, nikafunua ukurasa mwingine.

Aliyeniokoa mwaka ule, kama kuokoka ndiko kule, alikuwa Wairimu. Yeye alikuwa kinyume changu. Shambani hakuwa na mfano: alitembea na panga lililofungwa gazeti, na hakuandika neno lolote mpaka afukue mawe yote ya mpaka, bikoni tulivyoziita, hata kama yamezama chini ya majani ya ng'ombe na mwenye shamba anatazama saa yake. Ripoti zake Githinji alizitia sahihi akiongea kwenye simu. Lakini mpe karatasi ya mtihani, mkono unakufa ganzi. Nikimuuliza swali la vitabuni, jambo la kwanza alilotaka kujua lilikuwa, "Kwa shamba ya nani?" Nikimwambia si ya mtu yeyote, ni mfano tu, alinitazama kwa huruma. "Shamba haiwezi kosa mwenyewe, Ndunge."

Kwa hiyo tukafanya mapatano. Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kwao Jamhuri, nikamfundisha kujibu maswali juu ya ile meza nzito, naye akanifundisha kazi. Mama yake alitupikia. Kulikuwa na mukimo wa kijani, viazi vilivyopondwa pamoja na mboga, nyama ya kukaanga na kitunguu kingi, na chai ya maziwa iliyochemshwa mpaka ikabadilika rangi. Mimi nilipakuliwa kwanza. "Mtu wa kupanga hali vizuri," alisema mama, na nilipokataa nyongeza alijibu kwamba Wakamba tunajulikana kwa kukataa chakula tunachokitaka. Alikuwa mjane, mtu wa maombi, na mtihani wa bintiye ulikuwa umekuwa mzigo wake mwenyewe. Nilipokuwa nikinawa mikono jikoni nilimsikia akiongea na dada yake kwenye simu: "Hii mara ya tatu Mungu hawezi niaibisha." Wairimu alikuwa mezani, amesikia. Aliinamisha kichwa akaendelea kupigia mstari sentensi iliyokwisha kupigiwa mstari. Sasa ninapoikumbuka meza ile naona jambo ambalo ujana ulinificha: katika mikono yote iliyofungua vitabu pale, yangu peke yake ndiyo iliyotaka kuvifungua.

Majuma ya mwisho kabla ya mtihani nilitumwa nikatazame shamba moja kupita Kangemi, kwenye mitaa ile ambayo mahindi na nyumba za kupanga bado zilikuwa zikigombania udongo. Mwenye hati hakuja. Alimtuma broka mwenye koti kubwa aliyeniita madamu kila baada ya maneno mawili. Alinipeleka kwenye shamba zuri, tambarare, udongo mwekundu, karibu na barabara, tupu. Jioni ile nilikuwa na darasa la marudio mjini. Niliona jiwe moja la mpaka kwenye pembe, nikatazama majani marefu yaliyofunika pembe zingine, nikatazama jua. "Zote ziko, madamu," alisema broka. "Mimi nimezaliwa hapa." Nikapiga picha, nikaondoka. Ripoti niliiandika kwa haraka, kwa Kiingereza kizuri sana, na Githinji, kwa mara ya kwanza, aliitia sahihi bila kuichafua. Ikaenda benki.

Ijumaa iliyofuata Wairimu aliomba nakala yake ili anipongeze. Aliisoma, akageuza ramani, akarudi kwenye picha, akageuza ramani tena. "Ndunge, mto uko wapi?"

"Mto gani?"

"Hii ramani iko na mto hapa chini. Picha zako ziko na lami."

Nilizichukua picha nikazitazama upya, moja moja. Wairimu alishusha sauti. "Ulionyeshwa," alisema. Katika kazi yetu neno hilo halihitaji kumaliziwa. Mwenye shamba baya, au mwenye shamba lenye watu, humpeleka mthamini kwenye shamba zuri la mtu mwingine, na mthamini mvivu huandika bei ya ardhi ambayo si yenyewe. Ndiyo maana ya panga na gazeti. Kila msaidizi hufundishwa hivyo siku ya kwanza, nami nilifundishwa.

Jumamosi tulikwenda wawili, tukifuata ramani. Shamba lenyewe lilikuwa chini bondeni, mbali na lami, mteremko hadi kwenye kijito chembamba. Halikuwa tupu. Kulikuwa na nyumba ya mbao, nduma, aina ya majimbi, zilizostawi kando ya maji, makaburi mawili yaliyofyekwa vizuri, na mwanamke mzee aliyetuona na panga na bado akatukaribisha. Alitupatia nduma za kuchemsha na chai katika vikombe vya bati. Wairimu aliongea naye kwa Kikuyu, na mimi nikidaka neno hapa na pale. Mwanawe alikuwa amechukua hati, alisema, ili liondolewe jina la marehemu baba yake. Hakujua kuhusu mkopo. Akauliza, kwa adabu, tunapima nini. Wairimu akamwambia tumepotea njia. Kisha akafukua mawe yote manne mbele yake, moja baada ya lingine, na yule mama akatushikia panga tulipopumzika. Tukipanda mlima kurudi barabarani nilikuwa nikijililia mimi na kazi yangu. Wairimu alikuwa akigeuka kutazama nyumba ile.

Nilimwambia Githinji mwenyewe siku ya kazi iliyofuata, kabla benki haijamwambia. Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alipigia benki simu nikiwa nimesimama palepale, wakakubaliana maafisa wao waende shambani pamoja na mtu wetu, Jumatatu ya wiki inayofuata asubuhi.

"Wewe ndiye utaenda nao," aliniambia.

"Mzee, Jumatatu ni mtihani."

"Najua kalenda."

"Ni ule wa mwisho, Mzee. Kama kuna mtu mwingine anaweza—"

"Likizo ya mtihani ni ya mtu kazi yake ni safi. Wairimu nimempatia. Wewe uliharibu, wewe utatengeneza. Usipoenda, Jumanne usijisumbue kupanda ngazi." Akafungua faili nyingine. Nilibaki na chaguo la mkato: niupoteze mtihani nibaki na kazi ambayo siiwezi, au nifanye mtihani nipoteze kazi ambayo bila hiyo singekuwa na mtu wa kunidhamini nisajiliwe, hata nikipita. Wiki nzima sikusoma ukurasa mmoja ukaingia.

Jumapili, mukimo mezani, Wairimu aliniambia jambo hilo limekwisha. Alisema amempigia Mzee, amekubali kumtuma Odhiambo, karani wa faili, na kwamba yeye mwenyewe amemchorea Odhiambo njia ya kwenda bondeni. "Wewe enda mtihani," alisema. "Kula." Nilimwamini. Hakuwa amewahi kunidanganya, na tena nilitaka sana iwe kweli; mtu mwenye haja haulizi maswali ya pili. Mama yake alitupaka mafuta ya zeituni kwenye viganja na kutuombea mmoja mmoja. Maombi ya Wairimu yalikuwa marefu kuliko yangu, na yeye aliyapokea amefumba macho kwa nguvu.

Katika ukumbi wa mtihani tuliketishwa kwa kufuata namba, na dawati lake lilikuwa mbele ya langu. Lilibaki tupu. Mwanzoni nilidhani kachelewa. Nilitazama mlango kila ulipofunguka. Muda wa kuchelewa ulipokwisha, msimamizi alipita akaokota karatasi yake pale mezani, ikiwa bado imefunikwa, naye hakunitazama kwa sababu hakuwa na sababu ya kunitazama. Hapo ndipo nilipoelewa ni nani aliyekuwa bondeni na maafisa wa benki. Ningeweza kuinuka. Ningeinuka niende wapi? Niliandika. Niliandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika maishani, nikiwa na mgongo wa kiti kitupu mbele yangu, na hilo huwa linanitisha kuliko yote ninayokumbuka.

Jumanne nilipanda ngazi, lifti ikiwa imegoma, nikaingia moja kwa moja kwa Githinji. "Si mimi nilienda," nilimwambia. Alikuwa akisoma ripoti mpya, iliyoandikwa kwa mwandiko nilioujua. "Najua," alisema. "Benki walinipigia, wakasema msichana wetu aliwatoa kwa ile shamba ya kuonyeshwa akawapeleka kwa yenyewe, broka akitukana nyuma. Mkopo umekataliwa." Akatia sahihi. "Mwambie mwenzako siku ya likizo hailipwi." Hakunifukuza. Sijui kama alikuwa mtu mwema au mtu mchovu, na miaka yote hii sijaamua.

Chakula cha mchana tulikula kwenye kibanda nyuma ya jengo, maharagwe na chapati. Sahani yangu sikuigusa. Nilimwuliza kwa nini.

"Ule mama angeuziwa shamba akiwa ndani," alisema. "Odhiambo hangetofautisha bikoni na ndizi."

"Hata hukuongea na Mzee."

"Sikuongea."

"Wairimu, ilikuwa mara yako ya mwisho."

Alikata chapati, akachovya, akatafuna mpaka akamaliza. "Unajua vile huwa naamka siku ya hiyo kitu? Natapika. Jana niliamka nikakunywa chai. Usifikirie ni wewe nilifanyia, Ndunge. Nilikuwa nimechoka kuanguka, ukanipatia mahali pa kwenda." Kisha, bila kuinua macho: "Lakini mathe nyumbani asijue. Yeye mwambie nilifanya. Nitamwambia nilianguka, hiyo amezoea."

Sijawahi kujua ni kiasi gani cha maneno yale kilikuwa kweli na kiasi gani alikisema ili nipate kula. Kuna miaka niliyoamini yote, hasa niliyokuwa nimefanikiwa. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimepita. Wairimu hakuanza upya. Alibaki msaidizi mpaka ofisi ile ilipofungwa, na nilipofungua yangu nilimwomba aje, nikiwa nimemtengea chumba chenye dirisha. Alicheka. "Nikuite Madam? Acha." Baada ya hapo tukawa watu wa kutumiana salamu za Krismasi. Hata yule mama wa nduma hatukumwokoa kwa muda mrefu. Nilipita bondeni miaka michache baadaye, nikakuta maghorofa ya kupanga yamepangana mpaka majini, nguo zimeanikwa kila ngazi. Sikushuka garini kuuliza makaburi yalipelekwa wapi.

Maombi yalipokwisha jioni ile Jamhuri, wageni walitoka wakabaki watu wa nyumbani. Kaka yake mdogo aliweka kompyuta mezani waandike wasifu wa marehemu utakaosomwa kanisani. Mama yake, mdogo wa umbo kuliko nilivyomkumbuka, shuka mabegani, alikuwa akimtajia kwa utaratibu: shule ya msingi, ubatizo, chuo. Walipofika kwenye kazi, kaka akauliza aandike nini kuhusu ule mtihani, au auache. "Usiache," mama akasema. "Andika alifanya mtihani wa mwisho mara tatu. Hakukata tamaa."

Wote wawili wakanitazama, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwapo. Nilikuwa nimeutunza uongo ule kuliko vitu vingi nilivyopewa nitunze, na mwenyewe alikuwa amelala mochari. Nikasema, "Ilikuwa mara mbili, Mama. Ya tatu hakufanya. Alienda kazini badala yangu."

Kaka aliondoa mikono kwenye kompyuta. Mama yake hakushtuka. Alivuta shuka vizuri, akanishika mkono juu ya meza.

"Ndunge mami, mimi ndiye nilimfungulia mlango hiyo asubuhi," alisema. "Alikuwa amevaa gambuti, zile viatu za matope. Nani huenda mtihani na gambuti? Nikaweka mkono kwa kichwa yake, nikaomba Mungu amkumbushe yote amesoma, na yeye akasema amina." Akaubana mkono wangu. "Alikuwa anafurahi. Nikamwachilia."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Andika tatu," alisema. "Ndivyo aliniambia."